Daktari, Je, Karakana Hii Bado Ina Vumbi?

Mgeni rasmi, Daktari wa Vifua wa hospitali yetu ya rufaa. Mwenyekiti wa mtaa. Majirani mliovumilia kelele zetu miaka yote hii. Wake, waume na watoto wa mafundi. Na wewe mama yetu uliyeketi hapo nje ya mlango:

Sisi mafundi wa Kikundi cha Useremala Shikamaneni tunakusalimu, Daktari, kwa heshima zote.

MAKARIBISHO

Karibu sana. Tunajua umeacha foleni ya wagonjwa kuja kwetu, na tunajua foleni hiyo haitapungua kwa sababu ya risala yetu, kwa hiyo hatutazunguka mbuyu. Kiti ulichokalia tumekitengeneza wenyewe. Ukiona kimetulia, sifa ni zetu. Ukiona kinatikisika, tunaomba uamini kwamba sakafu ndiyo mbovu.

Aliyepaswa kusimama hapa kusoma ni mwenzetu tunayemwita Kinyozi, kwa sababu ndiye mwenye mashine ya kuranda, na mbao ikipita kwake hutoka imenyolewa. Jana alijaribu kusoma mazoezini, akakwama aya ya pili, akasema macho yameingia gundi. Basi kazi imeniangukia mimi katibu.

Mgeni rasmi, wageni wengi wa heshima huitwa kukata utepe na kuombwa mchango. Hapa hakuna utepe, na bakuli la mchango halitapita. Kuna chombo kimoja cha bati, hicho unachokiona kimesimama pembeni ya ukuta, na kuna swali moja. Tutavumiliana kidogo kabla ya kulifikia, maana likiulizwa peke yake litaonekana dogo.

TULIKOTOKA

Kikundi hiki kilianzishwa na mama mmoja aliyefundishwa useremala na baba yake, wakati ambapo mwanamke mwenye randa mkononi alitazamwa kama kituko. Jina lake la kuzaliwa unalo wewe, Daktari, katika faili lako. Sisi tunamwita Bi Msasa. Mwanzoni tulimwita hivyo kwa siri, kwa sababu ulimi wake hukwangua kwanza ndipo hulainisha. Alipojua, alisema, "Afadhali. Nilidhani mnaniita jina baya." Tangu siku hiyo likawa jina lake rasmi.

Karibu kila fundi aliyesimama hapa alishikishwa msumeno na yeye. Hakuwa mtu wa kusifia. Ukimpelekea droo uliyoimaliza, alikuwa anapitisha kiganja ndani yake, kule nyuma kusikoonekana, kisha anakurudishia. "Mtoto wa mteja atatia mkono hapa," alikuwa akisema. "Tia wa kwako kwanza." Ukirudi nayo mara ya pili au ya tatu, na asipokurudishia, ulijua umefaulu. Hapakuwa na cheti kingine.

Siku za mwanzo tulifanya kazi kwa mikono, na vumbi lilikuwa la kufagia tu. Kisha zikaja mashine: msumeno wa meza, mashine ya kuranda, na ile ya msasa. Kazi ikaenda mbio, na vumbi nalo. Tukanunua feni ya kufyonza, tukaifungia mabomba kutoka kila mashine, na mwisho wake tukafunga mfuko mkubwa wa kitambaa wa kuchuja. Tukajipongeza. Asubuhi feni ilivuta vizuri. Lakini unga wa mbao ulikuwa unaziba matundu ya kitambaa, na kufikia mchana feni ilikuwa inalia kama mtu mwenye mafua. Haivuti tena. Vumbi likawa linarudi kwetu, linatua kwenye kope na kwenye vikombe vya chai.

Dawa ilikuwa kuupiga mfuko kwa fimbo hadi utoe kilichomo. Mgeni rasmi, tunaomba ulisikie hili vizuri: aliyeupiga mfuko ule, kila siku, alikuwa Bi Msasa. Tulipomnyang'anya fimbo alituambia, "Nyinyi mtaupasua. Nguvu mnazo, mkono hamna." Akafunga kitenge puani, akaingia ndani ya lile wingu.

Kikohozi kilikuja kama mgeni wa siku mbili, kikaleta na mizigo yake. Alikuwa anakohoa huku ameshika meza, kisha anafuta mdomo na kuuliza, "Mnatazama nini? Mbao imewaishia?" Siku aliyoshindwa kupanda ngazi tatu za stoo, Kinyozi na mzee wa Bi Msasa, yaani mumewe, walimchukua wakamleta kwako.

Huenda siku ile huikumbuki, Daktari, maana unaona vifua vingi. Sisi tumesimuliwa mara nyingi hata tunaona kama tulikuwemo chumbani. Uliinua picha ya kifua chake dirishani, ukamwonyesha. Halafu, bila kujua tunavyomwita, ulimwambia, "Mama, mapafu hayana msasa. Yakikwaruzika, yamekwaruzika."

Kinyozi anasema kwamba hapo Bi Msasa alicheka, na ndipo yeye alipoogopa.

Kisha ukamkataza. Sasa, mgeni rasmi, hapa ndipo penye mzozo. Kinyozi anaapa kwamba ulisema, "Usivuke tena kizingiti cha karakana yenye vumbi namna hiyo." Mzee wa Bi Msasa anaapa kwamba ulisema, "Usivuke tena kizingiti cha karakana," nukta. Wamebishana juu ya maneno hayo machache hadi wakanuniana. Tulipomuuliza mwenyewe, alisema, "Mimi maneno sikuyasikiliza. Nilikuwa namtazama machoni."

Lakini kwa jambo moja wote watatu wanakubaliana. Alikupa mkono, akasema, "Sawa, mwanangu. Sitavuka." Na hajavuka.

TANGU SIKU ILE

Mgeni rasmi, nyumba ya Bi Msasa iko hapo ng'ambo ya barabara, ile yenye kibaraza chekundu. Ukisimama kwenye msumeno wa meza unamwona. Majuma ya kwanza alifunga dirisha la upande huu, na tulielewa. Kisha siku moja dirisha likafunguliwa. Kisha kiti kikatoka kibarazani. Kisha tukaanza kuletewa salamu na wapita njia: "Mama anasema visu vya Kinyozi vimechoka, mbao inalia." Kinyozi alizima mashine akavikagua, akavitoa kwenda kuvinoa.

Tukaanza kumwonyesha kazi kutoka mbali. Unatoka na droo, unasimama ukingoni mwa barabara, unaiinua. Anaitazama, pikipiki zinapita katikati, kisha anatikisa kichwa na wewe unarudi ndani. Mteja mmoja alituuliza, "Mnamwonyesha nani droo yangu?" Tukamwambia, "Mwenye kazi." Lakini kwa macho ya mbali huwezi kujua ulaini, na sote tulijua, yeye na sisi. Alikuwa akiangalia tu mshono umenyooka au haukunyooka. Kiganja chake hakikuweza kuvuka barabara.

Tulijaribu kumpelekea kazi kibarazani. Lakini milango na makabati hayabebeki kila saa, na kila alipokuta kosa alikuwa anainuka mzima mzima kutaka kuja kuonyesha kwenye meza, anafika ukingoni, anakumbuka, anarudi. Mara ya tatu mzee wake alituita pembeni akasema, "Wanangu, acheni kwanza. Mnamletea nusu ya kitu."

Huyo huyo mzee ndiye aliyekuja kwetu jioni moja wakati tunafunga. Alikaa kwenye rundo la mbao, akasema, "Mke wangu anasugua meza ya kulia chakula."

Tukamuuliza ina kosa gani, tuje kuitengeneza.

"Haina kosa," alisema. "Anaisugua kwa kiganja tu. Anakwenda hivi, anarudi hivi. Nikiingia anaacha, anajifanya anafuta makombo."

Mgeni rasmi, mtu akiwa safarini, hamu yake ina dawa. Unahesabu siku, unangoja barua, unakwenda kumpokea. Sisi tumekuwa na hamu ya mtu tunayemwona kila siku akianika nguo. Hatukujua hamu ya namna hiyo unaipeleka wapi.

PIA

Sasa tuje kwenye hicho chombo cha bati.

Kinyozi alitumwa unga na mama mkwe wake. Alifika kwenye mashine ya kusaga, akakuta foleni, akainua macho. Juu ya mashine ile kulikuwa na kitu kama faneli kubwa, kipana juu, chembamba chini. Unga ulikuwa unadondoka chini yake kwenye gunia, na hewa inatokea juu. Hewa na unga viliingia pamoja, vikatoka njia tofauti. Alisimama pale hadi foleni ikampita. Msagaji alimpigia kelele, "Kaka, umekuja kusaga au umekuja kuposa mashine?" Kinyozi alirudi karakana mbio, ndoo tupu mkononi. Mama mkwe wake hadi leo anasema alimtuma mtu unga akamletea upepo.

Chombo chenyewe kitaalamu kina majina marefu. Sisi tunakiita pia, kwa sababu kina umbo la pia ya watoto na kazi yake ni kuzungusha. Hewa yenye vumbi inaingizwa ubavuni, juu kabisa, ikiambaa na ukuta. Haina njia ila kuzunguka. Ikizunguka kwa kasi, maranda na vumbi vinatupwa ukutani, vinachoka, vinateleza chini hadi kwenye pipa. Hewa iliyobaki nyepesi inapanda katikati kwa bomba lake, inakwenda kwenye feni na mfuko. Mfuko sasa haupokei mzigo wote. Unapokea mabaki.

Kuieleza ni rahisi. Kuitengeneza kulitutoa jasho. Tulikwenda kwa Fundi Bati wa mtaa wa pili na mchoro wetu. Aliugeuza juu chini akauliza, "Hii ni faneli ya jitu gani?" Tulipomweleza ni kwa ajili ya nani, aliugeuza tena ukakaa sawa. Kumbe kabati la kwanza la nyumba yake lilipita mikononi mwa Bi Msasa. Alikata bati siku ile ile.

Mara ya kwanza mfuniko wa pipa ulivuja. Tundu la kupitisha kucha tu, lakini hewa ya nje ilikuwa inavutwa kutoka chini na kuyapandisha maranda yote juu, mfuko ukaziba kama zamani. Mara ya pili tuliziba kila kitu kwa ustadi, tukawasha, na feni ikalinyonya pipa hadi likabonyea kwa mshindo kama kopo lililokanyagwa na lori. Majirani mlitoka nje, samahani sana. Mara ya tatu Fundi Bati alileta pipa nene lenye pete za chuma, sisi tukakata mpira wa tairi tukauzungushia mdomo wa mfuniko, tukaubana. Tukatoa zile kona kali za mabomba zilizokuwa zinakaba hewa, tukaweka mikunjo ya taratibu. Feni na mfuko tukavitoa nje kabisa, tukavijengea kibanda nyuma ya ukuta. Kazi ya kupiga msasa kwa mkono tukaihamishia uani. Kufagia kwa ufagio mkavu tukapiga marufuku.

Tulipofungua mfuko baada ya kazi ya juma zima, vumbi lililokuwemo lilitosha kujaza viganja viwili. Pipa lilikuwa limefika shingoni. Hakuna aliyeshangilia. Kila mmoja aligeuka akatazama ng'ambo ya barabara.

KIZINGITINI

Hatukuwa tumemwambia. Tuliogopa kumpa tumaini kabla halijaiva. Lakini yeye alikuwa amekwisha kugundua kwa sauti: feni ilikuwa haikoromi tena mchana. Siku ya pili yake, kazi ikiwa imepamba moto, tulimwona anavuka barabara.

Alikuja hadi mlangoni. Akasimama, ncha za viatu vyake zikigusa kizingiti, hazikipiti. Tulizima mashine zote. Akasema, "Nani amewaambia mzime? Washeni."

Tukawasha. Alitazama mwanga wa jua unaoingia kwa dirisha la mashariki. Zamani ule mwanga ulikuwa kama ukuta, ungeweza kuupigilia msumari. Sasa ulikuwa mwanga tu. Aliutazama muda mrefu. Kisha akaitazama ile pia kutoka juu hadi chini.

"Mshono huu kauunga nani?"

"Fundi Bati," tukasema.

"Mwambieni ni mzuri."

Mgeni rasmi, tunakuambia kweli, tulitazamana. Neno hilo hatukuwahi kulisikia kinywani mwake.

Kinyozi akamwendea. "Ingia, mama. Hatua moja tu. Uone mwenyewe ndani ya pipa."

"Nimempa mtu neno langu."

"Mama, daktari hayupo hapa."

"Ndiyo maana, mwanangu," alisema. "Angekuwepo ningemwomba."

Akanyoosha mkono, akaushika mwimo wa mlango kwa ndani, akapitisha kiganja juu chini, taratibu. Mkono wake ulikuwa umevuka, miguu haikuvuka. Kisha akageuka akaenda zake kibarazani. Kinyozi alikaa chini pale pale mlangoni, na hakuna aliyemwambia ainuke.

Hivyo ndivyo ulivyopata barua yetu ya mwaliko, Daktari. Alisema ungekuwepo angekuomba. Basi tumekuleta.

Lakini tulipompelekea habari kwamba umekubali kuja, alikuja juu. "Mnataka kunifanyia nini? Mniombee ruhusa mbele za watu kama mtoto wa shule? Mkiniombea, mimi na nyinyi basi!"

Tukamsihi. Tukamwambia, mama, kuuliza si ujinga. Akafikiri, akasema, "Haya. Ulizeni habari za vumbi. Habari zangu msiulize. Na mimi nikimwona, pengine nitakosa la kusema. Si mnajua mdomo wangu unajua kugomba tu?"

Kwa hiyo, mgeni rasmi, risala hii haina ombi. Tumemtaja Bi Msasa katika historia ya kikundi, na historia si ombi.

CHANGAMOTO

Hatutaki kukudanganya, kwa sababu kifua hakidanganyiki. Pia yetu haikamati kila kitu. Maranda na unga mzito inavikamata, lakini ule unga mwembamba kuliko yote unapita na kwenda kwenye mfuko, na mwingine hatujui unakwenda wapi. Tumesikia kwamba vumbi baya zaidi ni lile lisiloonekana hata kwenye mwanga wa jua, na sisi kipimo chake hatuna. Tuna macho tu, na macho yetu yanataka sana kuona karakana safi. Mtu mwenye hamu si shahidi mzuri.

Pili, pipa likijaa kupita kiasi vumbi linapanda tena, hivyo lazima limwagwe kabla. Tumepanga zamu ya kulimwaga, nje, tukiwa na barakoa. Ndani ya zamu hiyo hakuna mama mtu mzima, na wala hatutatoa fimbo kwa mtu.

SWALI LETU

Daktari, baada ya risala hii tutawasha mashine zote kwa pamoja, tutapasua mbao kavu na kuiranda mbele yako. Tunakuomba utembee humu ndani kwa nafasi. Simama palipo na meza ile ndefu karibu na dirisha. Vuta pumzi. Pitisha kidole popote unapotaka. Fungua pipa, fungua mfuko, uliza lolote, usituonee haya.

Kisha utuambie: karakana hii bado ni karakana yenye vumbi?

Hilo tu ndilo swali. Na kama ukikumbuka maneno uliyoyasema siku ile, ya Kinyozi au ya mzee, utakuwa umewapatanisha pia.

Ukisema bado ina vumbi, tutakushukuru na hatutabisha. Tumekubaliana kuibeba ile meza ndefu na kuihamishia uani, kwenye upepo, mbali na mashine, na kazi zitamfuata mwalimu huko. Mvua ikinyesha tutaezeka. Ukisema ina vumbi lakini si sana, kwa saa chache, kwa barakoa, kwa kupimwa kila baada ya muda, tutalifuata neno lako kama tunavyofuata mstari wa penseli. Na ukisema haina vumbi, Daktari, sisi hatuna la kuongeza. Tutakaa pembeni ya mlango, tuache njia.

Jambo la mwisho. Tunaomba wageni wote msipige makofi nikimaliza kusoma. Miaka ya msumeno imeyaharibu masikio ya mama yetu: mashine anazisikia kutoka ng'ambo ya barabara, lakini watu wakizungumza taratibu hawasikii, na hataki ijulikane. Kwa hiyo, mgeni rasmi, jibu lako likiwa tayari, liwe lolote lile, tunakusihi uelekee mlangoni na ulitamke kwa sauti kubwa.

Mwenyezi Mungu akujalie wewe na wagonjwa wako pumzi ndefu, aibariki mikono yako kama anavyoibariki ya mafundi, na akurudishe kwako salama.

Ni sisi, wanafunzi wake,
Mafundi wa Kikundi cha Useremala Shikamaneni